Bwana Mifugo wa Guta na Korodani ya Mwanangu

Mtu aliyenifundisha mengi kuhusu korodani hakuwa daktari wala ngariba. Alikuwa Bwana Mifugo wa kata yetu, na ndiye aliyefanya mwanangu apasuliwe kwa wakati, maana bila yeye baba mkwe wangu angekuwa amekaa mlangoni na fimbo mpaka leo. Kwa kumsaidia mwanangu nusura apoteze mke aliyeishi naye miaka ishirini na sita. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani namcheka bure. Namcheka, ndiyo, siwezi kumweleza bila kucheka, lakini namcheka huku nikimshukuru.

Alikozaliwa sikujui na sikuwahi kuuliza. Nilipoolewa Guta nilimkuta yupo tayari, kama nilivyolikuta josho la kuogeshea ng'ombe. Alikuwa mrefu, mwenye sharubu alizozichana kwa kitana na sauti ya besi ambayo kanisani iliwazidi waimbaji wengine wote. Alivaa gambuti za kijani kiangazi na masika. Alizivaa mnadani, alizivaa mazishini, na alipokuwa msimamizi wa harusi ya binamu yake alivaa suti ya kijivu na gambuti zile zile, ila siku hiyo zilikuwa zimepigwa brashi. Padri alipomuuliza, akajibu kwamba hakuna anayejua ng'ombe ataugua saa ngapi.

Nyuma ya pikipiki yake alifunga sanduku la baridi la kubebea chanjo. Kwa maelezo ya serikali humo hukaa chanjo na barafu peke yake. Mimi kwa macho yangu nimeona humo soda, nyanya, na siku moja fungu la samaki furu wabichi waliofanya chanjo ya kideri cha kuku inuke wiki nzima. Kuku hawakulalamika, akasema.

Akifika kwenye boma la mtu alianza kuwaamkia ng'ombe. Aliwauliza hali, akawatazama macho na pua, akawapapasa shingo, ndipo akageuka kumpa shikamoo mzee mwenye boma, ambaye muda wote huo amesimama na mkono wake hewani. Wazee walinung'unika. Yeye alikuwa na jibu moja kwa wote: "Ng'ombe hadanganyagi. Mwenye ng'ombe ndiyo anadanganyaga."

Alikuwa na utepe wa kupimia ng'ombe. Unauzungusha kifuani kwa mnyama, unasoma namba, unajua uzito wake bila mizani. Jumapili moja baada ya misa wanakwaya walimwomba awapime kwa mzaha, naye hakujua mzaha unaishia wapi. Alimpima kiongozi wa sauti ya kwanza, mama mmoja mwenye heshima zake na mwili wake, akasoma utepe kwa sauti, kisha akamsifu mbele ya waumini kwamba ni mtamba safi kabisa, akitunzwa atazaa mara nne zaidi. Yule mama alihamia misa ya asubuhi kwa mwezi mzima.

Na mambo yake hayakuoana. Aliwahimiza watu wote wanywe maziwa, ila yeye mwenyewe maziwa yalimwendesha. Alichoma sindano wanyama wengi kuliko nywele za kichwa changu, lakini watu wa afya walipokuja kuchanja wanakijiji alijificha kwenye stoo ya pamba, tukaziona gambuti zikichomoza chini ya magunia. Mkewe ndiye aliyemtoa, amemshika ukosi.

Mimi nilimfahamu vizuri kwa sababu ya duka langu. Nina stesheneri pale Kabasa, mashine ya fotokopi na kompyuta moja, na matangazo yake yote ya kata aliniletea nimchapie. Aliyaandika nyuma ya kalenda za zamani, kwa herufi za watu wenye haraka. La kwanza kabisa kuniletea lilihusu kuhasi madume. Hii ni kazi ya koleo refu la chuma linaloitwa burdizo, ambalo huibana mishipa ya korodani bila kumwaga damu, na fahali anageuka maksai, mnyama mpole wa kulima. Yeye aliandika kwamba siku ya Ijumaa saa mbili asubuhi kutakuwa na kuhasi joshoni, madume yote yafike yakiwa yamefungwa vizuri. Mimi nilikuwa bibi harusi mpya na cheti changu cha kidato cha nne. Neno madume nikaliona la matusi, si la kubandika karibu na kanisa. Nikalisahihisha kistaarabu. Tangazo likatoka likisema kwamba Ijumaa saa mbili kutakuwa na kuhasi joshoni, wanaume wote wafike bila kukosa, wakiwa wamefungwa vizuri.

Ijumaa hiyo Guta ilibaki ya wanawake. Waume wengine walikumbuka misiba Musoma, wengine walikwenda kutazama mashamba ya watu wasiowajua. Joshoni alifika mzee mmoja tu, akauliza kwa adabu kama waliovuka miaka sabini wanasamehewa. Nilingoja Bwana Mifugo aje anigombeze. Alikuja, akakaa kwenye kiti cha wateja, akacheka mpaka sharubu zikalowa, na toka siku hiyo hakumpa mtu mwingine matangazo yake.

Kwa korodani za wanyama hakuwa na haya hata chembe. Mnadani alisimama nyuma ya fahali, akazishika zote mbili, akazipima kiganjani kama mama anayechagua viazi, na kutangaza matokeo kwa besi yake hadi wauza mitumba wakasikia. Alisema dume ni hapo, pembe ni mapambo. Lakini ukija kwa binadamu alifunga mdomo kama kaburi. Hakulitamka neno lenyewe, hata lile la kitabuni. Alisema "ile kitu ya baba", tena kwa kunong'ona. Siku nesi wa zahanati alipokuja ofisi ya kata kutoa elimu, alipofika tu kwenye maumbile ya wanaume, Bwana Mifugo alisimama akasema amesikia ndama analia. Tulitega masikio wote. Hapakuwa na ndama. Akipita bombani watoto wa kiume wanaoga, aliinua macho mbinguni asiwaone, na mara mbili pikipiki yake ilimwingiza mtaroni kwa sababu hiyo.

Sisi tulimchukulia kuwa mtu wa haya tu. Laiti tungejua.

Mkewe tulimwita Mama Mifugo. Kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na yeye hakuwa naye, basi watu wakampa kazi ya mumewe badala ya mtoto. Alikuwa mchangamfu, mwepesi wa mkono, anayejua kupika sato akakufanya usahau kilichokuuma. Hata hivyo ubatizo ukifika, hakukosekana mtu wa kumuuliza yeye anangoja nini. Shangazi za mumewe walimshauri huyu bwana aoe mwingine wakiwa wamekaa mezani kwa huyo mama, wakila alichopika. Bwana Mifugo alikataa kuoa mwingine, na watu wakamsifu kwa uvumilivu. Hilo la kumsifu ndilo linaloniudhi hadi leo.

Kabla sijafika kwa mwanangu, lazima nimtaje beberu wa mwalimu wa kwaya. Mwalimu huyo alimwita Bwana Mifugo amhasi beberu wake, maana ananuka na anasumbua mbuzi wa watu. Bwana Mifugo akapapasa, akapata korodani moja tu. Ya pili haikushuka, imebaki tumboni. Akaishughulikia ile moja, akamweleza mwenyewe kwamba nyingine ipo ndani na kazi imeishia nusu. Mwalimu hakusikiliza, alikuwa anatafuta noti ya wimbo. Wiki mbili baadaye alikuja juu kama moto wa kifuu. Beberu ananuka vile vile, anapanda vile vile, amevunja ua wa jirani. Bwana Mifugo akamwambia asubiri mbuzi wazae. Wakasubiri. Beberu alihangaika na majike ya mtaa mzima, na hakupatikana hata kitoto kimoja. Ndipo akatueleza, watu wote tumemzunguka, kwamba korodani imewekwa nje kwa sababu inataka ubaridi. Ikikaa tumboni joto linaiunguza. Inaendelea kutoa harufu na ukali na sauti nzito, kwa hiyo kwa nje ni dume kamili, lakini mbegu hakuna. Tulicheka sana. Yeye hakucheka, na hilo tulikuja kulikumbuka baadaye.

Sasa mwanangu. Alipozaliwa, nesi wa kliniki alimpapasa akasema ya kulia ipo, ya kushoto haijashuka, tusiogope, nyingine hushuka zenyewe ndani ya miezi sita. Tukangoja. Miezi sita ikapita, kile kifuko upande mmoja kikabaki kitupu. Tukapewa barua ya kwenda hospitali Musoma. Daktari wa upasuaji alitueleza vizuri kabisa: anachana kidogo kwenye kinena, anaitafuta ilipojificha, anaivuta chini na kuishona mahali pake. Ikiachwa inaweza kuharibika isizae, na ukubwani inaweza kuleta uvimbe mbaya. Akataka mtoto apasuliwe kabla hajatimiza mwaka mmoja na nusu. Wakati huo alikuwa na miezi kumi na minne.

Mume wangu alikubali palepale. Tulipofika nyumbani akamwambia baba yake, na hapo mambo yakaharibika.

Baba mkwe alikuwa mfugaji tangu ajue kutembea, na katika maisha yake yote hajawahi kuona chuma kikienda sehemu ile isipokuwa kwa kuhasi. Kwake hayo ya kushusha na kushona yalikuwa maneno ya mjini ya kumfunika mtu macho. Juu ya hilo, mwanangu amepewa jina la marehemu baba yake yeye mzee, Bwire. Kwa desturi yetu mtoto akibeba jina la mkubwa, anaheshimiwa kama huyo mkubwa. Baba mkwe alimwita mwanangu Baba. Alimpakulia nyama kwanza. Asubuhi alimpa shikamoo, mtoto akamjibu kwa mate. Basi akamuuliza mume wangu kwa utulivu wa kutisha ni mtoto gani duniani anayekubali baba yake mzazi apelekwe kuhasiwa Musoma, tena baba aliyekuwa na wake watatu na wote wakaridhika. Akavuta kiti, akakiweka mlangoni, akaketi na fimbo.

Mume wangu alizungumza wiki nzima hadi sauti ikakauka. Mimi sikuwa na njia. Mkwe wa kike hasimami mbele ya baba wa mumewe akataja mambo ya korodani, hata za mbwa. Nikakaa dukani nahesabu siku kwenye kalenda, na naapa sijawahi kuogopa vile. Akilini nilimwona mwanangu amekuwa mtu mzima, anasimama mbele ya binti wa watu na hana la kumwambia.

Ndipo nikamfikiria Bwana Mifugo. Katika mambo haya baba mkwe hakumwamini mtu mwingine. Alipokuja kuchapa tangazo la ndigana, ule ugonjwa wa kupe, nikamweleza yote. Aliposikia neno "imebaki juu" alikodoa macho kwenye mashine ya fotokopi kama inayomsomea hukumu. Akasema hiyo ni kazi ya watu wa afya. Nikamwambia watu wa afya wamefukuzwa na fimbo. Akasema amesikia ndama. Nikamwambia hapa ni Kabasa mjini, kaka, ndama hayupo. Akaondoka, tangazo akaliacha.

Siku tisa hakuonekana. Ya kumi akaja, hakukaa, akauliza mtoto ana miezi mingapi sasa. Nikamwambia kumi na mitano na ushee. Akasema Jumamosi atakuja kwa mzee, niwaambie wapike.

Jumamosi akaja na mkewe. Wanaume wakakaa sebuleni: baba mkwe, ndugu zake wawili, mume wangu na Bwana Mifugo. Sisi wanawake tulikuwa jikoni, ukuta wa mabati unatutenga nao, na kwa mabati yale ukipiga chafya wanakuitikia. Mama mkwe alikuwa anaparua sato, mimi nimempakata mwanangu, Mama Mifugo anasonga ugali wa muhogo.

Bwana Mifugo alianza na beberu. Kutoka kwa beberu akaenda kwa fahali mmoja wa Kiriba, kutoka kwa fahali akaingia kwenye magonjwa ya kupe, akakaa huko muda mrefu sana. Nilisikia mmoja wa wazee akikoroma. Mwishowe baba mkwe akamkatiza. Akasema hayo ya mbuzi ameyasikia na ameyaelewa, lakini mjukuu wake si mbuzi.

"Mtu je? Umeshawahi kumuona mtu ambaye hiyo kitu ilibakia juu, akaachwa hivyo hivyo?"

Mzee aliyekuwa anakoroma akaacha kukoroma.

"Nimemuona," Bwana Mifugo akasema.

"Nani?"

"Mimi."

Mwiko wa Mama Mifugo ukasimama katikati ya sufuria.

Akaendelea kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Korodani zangu zote mbili zilibakiaga tumboni tangu nizaliwe. Mama alijua, akasemaga nikikua zitashuka. Nilipoenda kupimwa ili niajiriwe, daktari akaniambia nimechelewa, sitazaa. Posa ilikuwa imeshapelekwa Butiama. Nikanyamaza. Mke wangu hana kosa lolote, mzee. Huyu mama ni mzima. Miaka yote hii ni mimi."

Bwana Mifugo akavuta pumzi.

"Huyo mtoto Musoma haendi kuhasiwa. Anahasiwa hapa, kila siku, na joto. Na koleo umelishika wewe."

Nilimtazama Mama Mifugo. Mwiko ulianza kuzunguka tena. Aliusonga ule ugali mpaka ukaiva, akaupakua, akaulainisha juu kwa kisahani kilicholoweshwa maji, akaufunika. Akanawa mikono. Akachukua kitenge chake nyuma ya mlango, akamwambia mama mkwe asante kwa kutukaribisha, akatoka kwa mlango wa nyuma na kushika njia ya barabarani. Hakuna aliyethubutu kumwita.

Sebuleni nilisikia baba mkwe akikohoa. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya chumvi, gari la Musoma asubuhi linaondoka saa ngapi.

Mwanangu akapasuliwa wiki iliyofuata. Upasuaji ulikuwa mfupi kuliko foleni ya kuandikisha. Tulitoka siku ile ile, na kovu lake lilikuwa dogo kuliko kidole changu kidogo. Baba mkwe alikuja na kofia yake ya sikukuu, na daktari alipotuambia imekwenda vizuri, mzee akasema yeye ni mtu wa kuona. Wakamfunulia. Akainama, akachungulia kwa makini kama anayenunua, akahesabu kwa sauti mbele ya wodi nzima: "Moja. Mbili." Akavaa kofia yake. Akamwambia mwanangu, "Baba, pole sana na safari." Nililia pale, sikujali nani ananitazama.

Bwana Mifugo tulimkuta nje ya hospitali, amekuja kwa pikipiki yake. Daktari yule yule akamshika mkono akamwingiza ndani, maana mume wangu alishamnong'oneza, na akamwambia zilizobaki tumboni kwa miaka hiyo zinahitaji kuangaliwa. Mtu aliyejificha kwenye stoo ya pamba kwa ajili ya sindano moja akalazwa. Waliondoa moja iliyokuwa na dalili mbaya, nyingine wakasema wataifuatilia. Nilipompelekea uji akanieleza hali yake kitaalamu: "Sasa mimi ni nusu maksai."

Lakini hakuwa na furaha. Mkewe alikuwa kwa kaka yake Butiama na simu hapokei. Baada ya mwezi ukaja ujumbe wake, umeandikwa kwenye karatasi ya daftari, pande zote mbili. Bwana Mifugo alikuja nao dukani nimtolee nakala, asije akalowa na mvua. Ilikuwa orodha ya majina. Shangazi watatu. Mwenye mashine ya kusaga ya Kabasa. Yule mama wa sauti ya kwanza. Katekista. Majirani wawili waliokwishahama, mmoja yuko Kiriba na mwingine Musoma mjini. Ni watu wote waliowahi kumcheka Mama Mifugo au kumshauri au kumuombea bila kuombwa. Juu yake ameandika mstari mmoja, kwamba mumewe aende kwa kila mmoja aseme alichosema Guta, kisha ndipo aje waongee.

Akaenda. Tangu masika mpaka pamba inavunwa alizunguka wilaya na pikipiki na ile karatasi kwenye sanduku la chanjo, akiwekea alama kila nyumba aliyomaliza. Aliendesha zoezi kama kampeni. Anafika, anavua helmeti, anaomba watu wakusanyike. Wengine hawakukumbuka kama waliwahi kumcheka mtu, akawakumbusha. Shangazi mmoja hasikii vizuri, akamrudishia mara tatu, kila mara kwa sauti zaidi, na ya tatu ilisikika mpaka kituo cha bodaboda. Nyumba za mwanzo alinong'ona "ile kitu ya baba". Zilipofika sita alikuwa anasema korodani kama mtu anayesema habari za asubuhi. Na baada ya yeye kupita, akina mama waliwafunua watoto wao na kuwapapasa, na nesi wa kliniki akaniambia ameanza kuletewa watoto kutoka nyumba ambazo hazikuwahi kumfikia.

Mara ya mwisho kumuona Bwana Mifugo kwa kirefu ilikuwa Butiama. Nilikwenda na mwanangu kumsalimia Mama Mifugo, maana sikutaka adhani nimemsahau. Nilimkuta uani kwa kaka yake, amekaa kwenye kigoda, sufuria linachemka taratibu kwenye jiko la mkaa pembeni yake. Nilidhani ni maharage. Mwanangu alikuwa anafukuza kuku. Hatujamaliza hata salamu, pikipiki ikaingia.

Alikuwa amekonda. Alisimama mbali kidogo, akatoa ile karatasi, akampa mkewe kwa mikono miwili. Mama Mifugo akaisoma jina kwa jina. Kwa kila jina aliuliza huyu alisema nini, akajibiwa. Alipofika kwa shangazi kiziwi niliona mdomo wake unataka kucheka, akaukaza. Nikataka kuondoka na mwanangu, akaniambia nikae.

Alipomaliza akaikunja. "Kuna jina moja halipo humu."

"La nani?"

"Langu. Wote umewaambia. Mimi nilisikilizaga kwenye mabati."

Bwana Mifugo akapiga magoti, kwenye mavumbi, mwanamume mzima na sharubu zake. Akamwambia. Alisema yote tangu kwa mama yake mpaka kwa daktari, na safari hii aliongeza jambo ambalo hakulisema Guta, kwamba aliogopa angemwacha.

Machozi yalimtoka Mama Mifugo, hakuyafuta.

"Mwaka wa kwanza mama yako alinipeleka kwa mtu wa mizizi," akasema. "Nikanywa. Mwaka wa pili shangazi akaleta ya kwake. Kila mwaka nimekunywaga, na wewe unaniona, unaniuliza kama nimemaliza kikombe. Unajua dawa zile zilivyokuwa chungu?"

"Najua, mke wangu."

"Hujui."

Akafunua sufuria. Hayakuwa maharage. Akachota kikombe kimoja cha bati, maji meusi ya mizizi yanayotoa moshi, akampa. Bwana Mifugo akapuliza, akanywa. Macho yakamtoka, shingo ikajikunja, gambuti moja ikapiga chini. Lakini alinywa mpaka tone la mwisho, akarudisha kikombe.

"Huo ni mwaka wa kwanza," mkewe akasema, akachota tena, na yeye akapokea kwa mikono miwili.